Gari Lisilo na Klachi

Papa Paluku tulimzika Jumamosi, na Jumapili uongo ukaanza. Nilikuwa nimekaa matangani katika ua wa nyumba yake pale Sake, chini ya turubai, nikinywa chai ya maziwa iliyokwisha kupoa. Nikamsikia kijana mmoja akiwasimulia wenzake kwamba marehemu aliwahi kuwa na gari la ajabu lililojiendesha lenyewe mpaka Walikale, ati dereva wake hakuwa na miguu kabisa, na bwate yake, yaani lile sanduku la gia, ililetwa kwa ndege kutoka Dubai. Wenzake wakatikisa vichwa kwa mshangao. Sasa, huyo dereva asiye na miguu ni mimi. Nilikuwa palepale karibu yao, na miguu yangu yote miwili, wa kushoto umenyooka mbele kama kawaida yake, viatu nimevipiga rangi kwa heshima ya msiba. Mambo mengi ya uzeeni nimejifunza kuyavumilia, lakini kusikia gari likisimuliwa vibaya sijaweza, na siku hiyo nilikuwa nimeshafungua mdomo nimtie adabu yule kijana ndipo mkono ukanishika bega.

“Acha baseme, Bahati,” sauti ikaniambia. “Ukibishana ku kilio, watasema weye njo umeleta fujo.” Nikageuka, nikamwona Masika. Masika ni binti wa kaka yake marehemu, na ndiye fundi aliyeifanya ile bwate ikubali kukaa mahali ambapo haikuzaliwa. Tulikuwa hatujaonana kwa miaka mingi. Ana garaji yake Butembo, nywele zimekuwa nyeupe, ila kucha zake bado zina ule weusi wa grisi ambao hakuna sabuni iliyowahi kuushinda. Tulikaa pamoja mpaka jioni tukila maharagwe na bugali, tukisikiliza uongo ukinenepa kutoka kikundi hadi kikundi. Mwisho aliniambia, “Weye uko na kinywa murefu. Yiandike, bantu bajue.” Nikamwambia mimi ni dereva, si mwandishi. Akasema hata dereva nilikuwa siwezi kuwa tena, watu wote walisema hivyo, na je, walikuwa sahihi? Basi naandika, na anayetaka ndege za Dubai akatafute kwingine.

Mwaka lilipokuja gari hilo niliuanza nikiwa nimelala chali. Nilikuwa kijana, dereva wa lori la Papa Paluku, nikipeleka chumvi na sabuni milimani na kurudi na maharagwe na jibini za Masisi, na nilijiona sina mpinzani. Kisha siku moja ya mvua, karibu na Nyamitaba, mlima ukaachia jiwe moja, likaingia ndani ya kabini upande wangu bila kubisha hodi. Waganga wa hospitali ya Kirotshe waliuokoa mguu wangu, nami mpaka leo nawaombea mema, lakini goti la kushoto lilikataa kukunjika tena. Mtu asiyeendesha gari anaweza kudhani hilo ni jambo dogo. Mguu wa kushoto ndio unaokanyaga klachi, na bila klachi hubadilishi gia, na bila gia hata mlima wa Sake huupandi, seuze ya Walikale. Madereva wenzangu, watu nisiowahi kuwakosea, walinipa jina la Kijiti. Bibi mmoja wa sokoni kila akiniona alisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu, nami nikawa namjibu kwamba mkuu yupi, Mama, maana lile jiwe halikunipa hata onyo.

Papa Paluku hakunitupa. Ni lazima niliseme hilo kwanza, kwa sababu mbele huko atakuja kuonekana mkaidi, na kweli alikuwa mkaidi, lakini roho yake ilikuwa kubwa kuliko tumbo lake, na tumbo lenyewe halikuwa dogo. Alikuwa Munande wa Butembo, Mkatoliki wa kwenda misa ya asubuhi kabla ya kufungua duka, na aliponiona natoka hospitalini na fimbo aliniambia, “Kazi iko. Utapimaka maharagi.” Akanikalisha nyuma ya mizani. Nilimshukuru kwa mdomo, moyoni nikalia. Nilikaa pale nikimimina maharagwe ndani ya magunia huku nikisikia magari yakipanda kuelekea Masisi, na kila moja nililijua kwa sauti: huyu amechelewa kubadilisha, huyu anaichosha injini, huyu ni fundi. Wake kwa waume walikuja kuniambia nimshukuru Mungu kwa kuwa hai. Nilikuwa namshukuru. Lakini mtu anaweza kumshukuru Mungu kwa uhai na bado akataka usukani wake, na mimi niliutaka usukani kuliko nilivyotaka kuoa.

Kisha gari likaja. Papa Paluku alilinunua upande wa Uganda, likaingia kwa njia ya Kasindi: katrekatre kubwa la dizeli, magurudumu yote manne yanavuta, lenye nafasi ya mizigo nyuma. Alikuwa amelipenda kwa kifua chake kipana cha mbele, na kwamba halina klachi aligundua akiwa ameshavuka mpaka. Nakumbuka lilivyosimama mbele ya duka, na mimi nikaburuta mguu wangu mpaka mlangoni kuchungulia ndani. Pedali mbili! Ya mafuta na ya breki, basi, na zote mbili ni za mguu wa kulia. Bwate ya otomatike inajibadilishia gia yenyewe, hiyo nilikuwa nimeisikia, lakini kwetu hakuna aliyekuwa nayo. Watu walisema ni ya wavivu wa lami. Nilirudi kwenye mizani. Papa Paluku aliniahidi kwamba akimaliza kulizoea ataniachia nilijaribu. Akaenda nalo Masisi, akarudi, akaenda, akarudi, na kabla sijajaribu hata kuketi, likaja likivutwa kwa kamba nyuma ya lori. Injini ilikuwa inanguruma vizuri, unakanyaga mafuta inalia, lakini magurudumu hayasikii. Bwate ilikuwa imekufa.

Sake nzima ilikuja kutazama maiti. Kila mmoja alikuwa ameshajua toka mwanzo. Papa Paluku naye, kwa hasira, akatoa hukumu palepale kwamba atatafuta Goma bwate ya kawaida, yenye klachi na gia za mkono, na akatuma ujumbe Butembo aje Masika, aliyekuwa amemaliza shule ya ufundi na kufanya kazi garajini kwa watu, aje aifunge. Masika akaja na mfuko mmoja wa nguo na miwili ya spana. Watu walisema huyu msichana atainua bwate na nini, akawajibu kwamba bwate hainuliwi kwa ndevu. Tulimpa ile stoo ya nyuma ya duka iwe garaji yake: chumba cha mawe meusi ya volkano, kinanukia sabuni na sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, waliokaushwa, chenye mlango mpana uliotazama ziwa kwa mbali. Mimi ndiye niliyehamisha magunia kumpa nafasi. Siku ya pili aliniuliza mbona nalitazama lile gari kama mtu aliyefiwa, nami nikamweleza kila kitu, goti, maharagwe na zile pedali mbili, na nilipomaliza akawa anafuta spana ambayo ilikuwa safi tayari.

Mchana huo, Papa Paluku alipoingia stoo, Masika alimwambia kwamba kuna gari dogo la mizigo lililopinduka na kutelekezwa kwenye mawe ya volkano njia ya Goma, kampuni ileile iliyounda hili letu, nalo lina bwate ya otomatike nzima. Papa Paluku akamtazama kana kwamba amemtukana. “Iyi vitu ya otomatike iko ya bantu ba ku lami. Ku milima yetu inatakaka bwate ya mukono. Na ile gari ndogo inavutaka magurudumu mbili tu, iyi yangu iko nne. Utaunga kichwa ya mbuzi ku mwili ya ngombe?”

“Nitaunga, Baba mudogo. Ziko ndugu, zilizaliwa na mama moya. Na ukiweka ya mukono, Bahati ataendesha na nini?”

“Bahati iko na kazi. Anapimaka maharagi.”

Hapo nilijisikia kinywa kikisema kabla sijakipa ruhusa. “Papa, mi siko muntu wa maharagi. Mi niko dereva.”

“Dereva wa mguu moya?”

“Na weye unaendeshaka iyi gari na migulu ngapi? Iko ya mafuta na ya breki. Hata weye unatumiaka moya tu. Ule mwingine unapumzisha.”

Alitaka kukasirika, nikaona kicheko kinamshinda, akakizuia kwa kukohoa. Ndipo akatoa sharti lake, na nalikumbuka neno kwa neno kwa sababu maisha yangu yalikuwa ndani yake: “Sawa. Muweke hiyo yenu. Lakini tutaenda nayo Walikale, na muzigo, na mi niko ndani. Ikifika na ikirudi, usukani iko ya Bahati. Ikikufa ku njia, natia bwate ya mukono, na sitaki kusikia tena wimbo ya pedali mbili.” Akatoka. Masika akanipa ndoo na kitambaa, akasema tusipoteze muda.

Tulianza kwa kuifungua ile iliyokufa, kwa sababu Masika alisema hawezi kumpa mgonjwa mpya kitanda cha marehemu bila kujua alikufa na nini. Mafuta yaliyotoka yalikuwa meusi, yananuka kama maharagwe yaliyoshika chini ya chungu. Ndani, zile sahani nyembamba zinazoshikana na kuachiana badala ya klachi zilikuwa zimeungua, na vyuma vya nyuma vilikuwa vimegeuka bluu kwa joto. Lakini pompe yake, ile inayosukuma mafuta yafike kila pembe, ilikuwa safi, inang’aa, haina hata mkwaruzo. Masika aliigeuza mikononi mara nyingi. Mashine iliungua kwa kukosa mafuta wakati mafuta yalikuwa yamejaa na pompe ni nzima! Alikuwa akiniuliza maswali ambayo sikuwa na majibu yake, na chakula cha mchana kilipofika hakutaka hata kunawa.

Jibu lilikuja na chakula. Mama Kavira, mke wa Papa Paluku, alikuwa akitupakulia jikoni, mimi na Masika, bugali, sombe ya majani ya muhogo na sambaza, na chumba cha wageni kilikuwa upande wa pili wa pazia tu. Mle ndani Papa Paluku alikuwa na wafanyabiashara wenzake kutoka Butembo, na sauti yake haikuwahi kujua kunong’ona. “Mi toka pale juu Mushaki mpaka hapa Sake, sichomake hata kijiko ya mazutu. Nafika ku kichwa ya mulima, nafanya ishara ya musalaba, nazima moteri, naachia gari. Ru libre! Mungu alifanya mulima pande mbili: kupanda tunalipa, kushuka iko ya bure.” Wageni wakacheka, wakamsifu, mmoja akasema huyu ndiye mfanyabiashara wa kweli. Sikushangaa, maana sote tulifanya hivyo. Dereva yeyote wa Masisi wa siku zile alikuwa akizima injini mteremkoni na kuliachia gari lijishukie, usukani mzito, breki ngumu, na Bikira Maria kwenye kioo. Haba na haba hujaza kibaba, na mazutu iliyobaki, yaani dizeli, ndiyo kibaba chenyewe. Kwa lori la kawaida hatari ilikuwa ni shingo yako tu. Lakini nilipomtazama Masika, tonge lilikuwa limesimama njiani kati ya sahani na mdomo.

“Njo yeye,” akaninong’oneza. “Njo yeye aliiua.” Akanieleza kwa kunichorea na kidole kwenye meza ya jikoni. Pompe ya bwate ya otomatike inazungushwa na injini. Injini ikizimwa, pompe inalala. Lakini magurudumu bado yanazunguka, na yanazungusha vyuma vya ndani vikavu, mlima mzima, kilomita kwa kilomita. Wazungu na Wajapani hawakuliandika hilo kwa herufi kubwa popote, kwa kuwa hawakumfikiria mtu wa kuzima gari juu ya Mushaki na kuliwasha Sake. Nilitaka tuinuke tumwambie saa ileile. Masika akanishika mkono. Kumkosoa baba yako mdogo mbele ya wageni wake, ndani ya nyumba yake, ukila bugali yake, hilo halikuwepo. Na hata wageni wakiondoka, alisema, “atasema gari yenye haijui kushuka bure haiko gari. Ataleta ya mukono kesho.” Nikamuuliza tutafanya nini basi tukifika mteremkoni, yeye akiwa ndani. Masika akalimeza tonge lake. “Pale utajua yako, dereva.”

Kazi yenyewe ningeweza kuisimulia mpaka watu wahame. Ile bwate tuliyoitoa kwenye gari dogo ilikuwa na mkia mrefu, kwa sababu ilipeleka nguvu moja kwa moja kwenye magurudumu ya nyuma. Yetu ilihitaji mkia mfupi wenye meno ya kuingia kwenye sanduku la pili, lile linalogawa nguvu mbele na nyuma. Masika aliutoa uti wa mgongo wa maiti, ule mhimili wa nyuma, akausafisha na kuusugua ule ubluu mpaka ukaisha, akaupima, akaona haukupinda, akampa aliye hai. Ukaingia! Ndugu wa mama mmoja kweli. Mbele ndiko kulikokuwa na ugomvi, maana ile kofia ya chuma inayoiunga bwate na injini yetu ya dizeli haikukubaliana na matundu ya mgeni. Mawili yalipishana kwa upana wa kidole. Tulikwenda Goma kwa mchonga vyuma mwenye mashine ya kukereza, akatukatia bamba nene la chuma la kukaa kati ya hivyo viwili, Masika akiwa amesimama juu ya kichwa chake na kumrudisha nyuma kila alipotaka kusema inatosha. Kebo inayoiambia bwate mguu umekanyaga mafuta kiasi gani tulitumia ya pikipiki. Na kwa kuwa milima yetu inachemsha hata mawe, tukaongeza rejeta ndogo mbele, ya kupoza mafuta ya bwate peke yake. Mihimili ya chini ilifupishwa mmoja na kurefushwa mwingine, mchomeleaji wa Sake akilalamika kwamba hajawahi kuona gari linaloshonwa kama suruali.

Siku ninayoipenda ni ile ya konvertisa. Hicho ni kitu cha mviringo kama chungu kikubwa kilichofungwa kila upande, kimejaa mafuta, nacho ndicho kinachokaa mahali pa klachi. Masika aliniambia nikikumbatie, nikisukume ndani ya bwate huku nikikizungusha polepole, na nisikilize kwa tumbo, si kwa masikio. Kinatakiwa kianguke ndani mara tatu. Kikianguka mbili ukafunga boliti, utavunja pompe siku ya kwanza. Nilipiga goti moja, lile linalokubali, nikakizungusha. Kikashuka kidogo, tuk. Nikazungusha tena, tuk. Kisha kikagoma. Nilizungusha mpaka jasho likanichoma macho, na moyoni nikasema hapa ndipo tunaporudi kwenye maharagwe. Masika hakunisaidia, alisema hiki ni cha dereva. Nikapumua, nikakilegeza kidogo kama unavyomlegezea mtoto nguo inayombana, na kikaingia chenyewe, tuk, nikaisikia mpaka kwenye mbavu. Nililia, sioni haya kusema. Masika akaingiza kidole kupima nafasi, akasema, “Njo hiyo.”

Tuliondoka Sake na mzigo wa chumvi, sabuni na vitenge, mimi usukanini, Papa Paluku kando yangu na rozari yake, Masika nyuma juu ya magunia na spana zake. Mama Kavira alitubusu sote watatu kama wanaokwenda vitani. Kupanda Mushaki, gari lilijichagulia gia kwa adabu hata nikaanza kuimba, na Papa Paluku akaniambia niache kuimba nitazame barabara. Siku ya kwanza mvua ilituokoa: kila mteremko ulikuwa utelezi, na hata yeye alikubali kwamba injini ibaki ikilishikilia gari. Tulilala Masisi tumeshiba maziwa na viazi. Lakini siku ya pili, tulipoipita Nyabiondo, jua likatoka, barabara ikakauka, na mbele yetu ukajitandaza mteremko mrefu kuliko yote, unaoshuka ukijipinda kuelekea msituni. Papa Paluku akafanya ishara ya msalaba.

“Zima,” akasema.

Nikavuta gia ya chini, nikaacha injini ingurume. Akarudia. Nikaendelea. Ndipo akasema kwa sauti ndogo, ambayo kwake ilikuwa mbaya kuliko kelele, “Simamisha gari. Toka. Nitaishusha mi mwenyewe.” Nikasimamisha. Mikono yangu ilibaki kwenye usukani. Nilikuwa na mambo mawili tu mbele yangu: kumtii mtu aliyenilisha nilipokuwa si chochote, na kuupoteza usukani kule chini bondeni; au kumkatalia, na kuupoteza palepale.

“Papa, sitoke,” nikasema. “Ukizima, bwate inakufa. Ile ya kwanza iko weye njo uliiua.”

Akageuka polepole kumtazama Masika. “Iko kweli?”

“Iko kweli, Baba mudogo. Bwate iko na roho, njo pompe. Moteri njo inapigisha ile roho. Ukizima moteri, roho inasimama, lakini migulu inakimbia. Muntu anaweza kimbia mulima muzima roho yake imesimama?”

Papa Paluku alifungua mlango akashuka. Akatembea mpaka ukingoni, akasimama pale akiwa ametugeuzia mgongo, mikono nyuma, anatazama ule mteremko wa bure ambao Mungu alikuwa amempa maisha yake yote. Niliona aibu kwa ajili yake, na wakati uleule nilikuwa nimekasirika kiasi kwamba kama angesema nishuke, nadhani ningelishusha lile gari nikimwacha. Aliporudi alikuwa na swali moja. “Juu ya nini hamukuniambia kule Sake?”

“Ungeweka ya mukono,” Masika akajibu.

Alifikiri. “Ningeiweka,” akakubali. Akaketi, akafunga mlango, akashika kile chuma cha kushikilia juu ya kichwa. “Enda basi. Na moteri yako.”

Tulishuka na injini ikinguruma njia nzima. Alikuwa akiisikiliza kama mtu anayesikia maji yake yakimwagika na hana ndoo. Chini msituni tope lilitungoja. Malori yalikuwa yamepangana, la kwanza limezama mpaka ekseli, klachi yake imeungua na harufu imetanda, madereva wameketi kando wanachoma ndizi. Vijana wa pale walikuwa wamechimba kinjia cha pembeni, chembamba, na hakuna aliyethubutu kukipita, kwa sababu kila aliyejaribu kucheza na klachi katika utelezi ule alirudi kinyumenyume. Mimi sikuwa na klachi ya kucheza nayo. Nilitia gia ya chini, nikagusa mafuta kwa ncha ya kiatu, na gari likaanza kutambaa, polepole, bila kuruka, bila kukata nguvu, magurudumu yote manne yanatafuna. Nikamwona mmoja wa wale madereva akisimama na kupiga kelele, “Kijiti! Munaona, iko Kijiti!” Wakaja wakikimbia kando yetu topeni, watu walewale walionipa lile jina, wanapiga bodi kwa viganja, wanacheka. Papa Paluku alishusha kioo akatoa kichwa chote nje. “Dereva yangu!” akawa anawapigia kelele. “Iyo iko dereva yangu!” Sijawahi kuwa na furaha kama ile, hata siku watoto wangu walipozaliwa, na mke wangu akisoma hapa atanisamehe.

Walikale tulikula wali na samaki wa mtoni, mchuzi umekuwa mwekundu kwa mawese. Kabla ya kunawa Masika aliingia chini ya gari, akatoka na tone la mafuta ya bwate kwenye kidole. Bado yalikuwa mekundu, safi. Akampelekea Papa Paluku, naye akayanusa kama watu wa Masisi wanavyonusa maziwa kabla ya kuyanunua, akatikisa kichwa kukubali. Tulipakia madumu ya mawese na magunia ya mchele, na safari hii alisema ataketi nyuma, kwa Masika, apate kunyoosha miguu.

Tulifika juu ya Mushaki siku ya pili ya kurudi, jua likiwa bado juu, ziwa limejitandaza kule chini. Magari mengine yalitupita kimya, injini zimezimwa, madereva wameshikilia usukani kwa mikono miwili. Mimi nikashuka nikinguruma. Katikati ya mteremko nikatazama kwenye kioo, nikaona Papa Paluku amelala kinywa wazi, kichwa juu ya gunia la mchele, rozari imemponyoka. Masika akaweka kidole midomoni mwake kwamba nisimwamshe. Niliendesha mpaka mlangoni kwake. Aliposikia gari limesimama akafumbua macho, akajifuta mdomo, akauliza kitu kimoja tu.

“Mazutu imebakia?”

“Imebakia, Papa. Ya kufika Masisi iko.”

“Basi kesho upakie tena,” akasema, akashuka, akaingia ndani kuomba maji ya kuoga.